Kibao kinaita watu, lakini nini itawarudisha?

Kila mara kazi inapopunguka mu karieri moja ya Kolwezi, Likasi ao Fungurume, tunaona jambo moja mu kartie. Watu wanapata dekonte, ile feza ya mwisho wa kazi, na kisha mwezi mmoja ao miwili butiki zinaota kama uyoga kisha mvua. Lupangu moja inatoboa dirisha ku balabala na kuanza kuuza sabuni, mafuta, sukari, bunga na unite za simu. Lupangu ya pili inafanya vile vile. Ya tatu inaongeza frigo na maji ya baridi. Kila moja iko na kibao cha rangi, na jina la mutoto wa kwanza ao neno la Biblia juu yake. Siku ya kufungua kunapigwa muziki na bafle kubwa, jirani wote wanakuja. Kisha mwaka mmoja, ukipita tena mu ile balabala, hesabu madirisha yaliyofungwa.

Tunaandika juu ya neno hili leo kwa sababu feza inayopotea pale haina feza ya muchezo. Ni miaka kumi, kumi na tano, ishirini ya baba chini ya udongo ao mbele ya tanuru. Ni masomo ya watoto na dawa ya mama muzee. Dekonte inapatikana mara moja, na ikiisha, hakuna mulango wa pili wa kupiga hodi.

Ukiuliza mwenye butiki iliyokufa nini ilimuua, mara mingi atajibu: «Batu habakutujua. Tulikosa piblisite.» Kwa hiyo mwenye kuanza sasa anafanya kinyume: analipa radio ya muji, anaweka kibao kikubwa kuliko cha jirani, anatuma kijana na pikipiki na bafle kutangaza mu kartie yote. Sisi tunasema ugonjwa hauko pale. Tangazo linafanya kazi moja tu, kuleta mutu mpaka ku mulango. Kama kile unachouza kila mutu anaweza kukiuza kesho asubui, tangazo lako linamutumikia jirani pia. Wewe umelipa kwa kufundisha watu kama bunga inapatikana mu balabala yenu. Yeye hakulipa kitu. Anashusha franka mia tano, na wale watu wako wanavuka njia.

Basi mbele ya kulipa mupakaji wa kibao kuna swali moja la kujiuliza: niko na nini, ambacho jirani yangu hawezi kukifanya mu mwezi mmoja, hata akikiona na macho yake? Kama jibu ni «hakuna», feza ya kibao ingebakia mu mufuko. Kama jibu liko, hata kibao kidogo kitatosha.

Watu walioelewa swali hili kuliko wengine wote walikuwa watu wa machimbo kama sisi. Tuangalie kwao kwanza, juu walilipata jibu na kisha wakalipoteza.

Kampuni De Beers ilizaliwa mu 1888 kule Kimberley, Afrika ya Kusini, mu mikono ya Cecil Rhodes. Mu 1947, kwa ajili ya soko la Marekani, ilianza kutumia tangazo lenye kusema kama almasi inadumu milele. Maneno yale yaliandikwa na mwanamuke mmoja wa kazi ya matangazo, Frances Gerety. Tangu pale kijana wa Marekani akitaka kuoa alijisikia kama bila pete ya almasi posa yake haijatimia. Watu wengi wanasema ni tangazo lililotajirisha De Beers. Lakini angalia vizuri. Lile tangazo halikusema «nunua almasi ya De Beers». Lilisema tu: nunua almasi. Mutu mwenye akili angeuliza: kwa nini kampuni ilipe feza kutangaza mali ya kila mutu?

Jibu ni kwamba almasi ya kila mutu ilikuwa inapita mu mikono yao. Kwa miaka mingi, ofisi yao ya kuuzisha kule London ilishika sehemu kubwa sana ya almasi mbichi za dunia. Kama almasi ilitoka Afrika ya Kusini, Angola, Kongo ao Urusi, mara mingi ilipita mu ile ofisi. Kwa hiyo kila pete iliyouzwa mu duka lolote iliwarudishia faida. Jirani hakuweza kuvuka njia na kushusha bei, kwa sababu jirani alinunua kwao. Tangazo lilikuwa na ukuta nyuma yake, na ukuta njo uliolinda feza ya tangazo.

Nchi yetu iliujua ule ukuta kwa kuugonga na kichwa. Mu 1981 Zaire iliacha kuuzisha almasi za Mbuji-Mayi kupitia ile ofisi, ikataka kujiuzia yenyewe. Mawazo hayakuwa mabaya: mali ni yetu, tuiuze sisi. Lakini sehemu kubwa ya almasi za Mbuji-Mayi ilikuwa almasi ya mashini, ile ya kusaga na kukata vyuma, haina ile ya pete. Bei ya aina ile ikaanguka, na mu 1983 Zaire ikarudi ku meza ile ile. Tulikuwa na mawe. Wanunuzi, akiba ya feza ya kungoja bei ipande, na kazi ya kuchagua na kupanga mawe vilikuwa kwa wengine.

Kisha ukuta wa De Beers nao ukaanza kupasuka. Mu 1996 karieri kubwa ya Argyle, kule Australia, iliacha kuuzisha kupitia London. Mu 2000 De Beers yenyewe ilitangaza kama haitafanya tena kazi ya kushika almasi zote za dunia. Na hatari ya pili ilikuwa imeanza zamani: tangu Desemba 1954 wataalamu wa General Electric, kule Marekani, walifaulu kutengeneza almasi mu mashini. Kwanza zilikuwa za kazi ya vyuma, na zile njo zilishindana na almasi ya Mbuji-Mayi. Leo kuna za pete pia, na macho ya kawaida hayawezi kuzitofautisha na zile za udongo. Mu mwezi wa tano wa 2024, Anglo American, yenye sehemu kubwa ya De Beers, ilitangaza kama inataka kujitenga nayo. Yale maneno ya 1947 yangali yanajulikana dunia nzima, lakini sasa yanamusaidia hata mwenye kuuza almasi ya mashini. Ukuta ulianguka, tangazo likabakia limesimama peke yake mu mvua.

Tumesema mambo ya almasi kwa kirefu kwa sababu yanafanana na ya kobalti yetu, na kobalti njo inalisha nyumba mingi zinazosoma gazeti hili. Kongo inatoa karibu sehemu saba juu ya kumi ya kobalti ya dunia. Wengi mu kartie wanasema: «Bila shiye motokari za umeme hazitembee.» Ile sentensi inapendeza masikio, lakini ni tangazo, na tuulize ukuta wake uko wapi.

Kuna aina ya batri inayotengenezwa na chuma na fosfati, bila kobalti hata kidogo. Viwanda vya China vimeiendeleza sana, na mu 2024 karibu nusu ya batri za motokari za umeme za dunia ilikuwa ya aina ile. Batri yenye kobalti ingali na nguvu zake: ni nyepesi, motokari inakwenda mbali zaidi. Lakini kila bei ya kobalti inapopanda sana, mwenye izini ya batri anakumbuka kama iko njia ingine. Tena, kobalti inayotoka hapa inakwenda kusafishwa zaidi kule China. Ukuta wa kusafisha, wa kujua namna ya kugeuza udongo kuwa kitu cha batri, hauko Kolwezi.

Serkali ilifanya kazi yake ku upande mmoja. Mu Novemba 2018 kobalti iliwekwa kati ya madini ya maana zaidi, na ushuru wake ukapanda mpaka 10 juu ya 100. Mu Februari 2025, wakati bei ilikuwa imeanguka vibaya, serkali ilifunga kutoka kwa kobalti, na tangu Oktoba ya mwaka ule kila kampuni iko na kipimo chake cha kutosha inje. Bei ilipanda. Ilikuwa neno la lazima, na hatulilaumu. Lakini mwenye kukumbuka London na almasi anajua: kuzuia mali ni ukuta wa muda. Unakupa miaka ya kujenga ukuta mwengine, yaani izini, mafundi, barabara na umeme. Kama ile miaka inapita bila kujenga, siku ya kufungua tutamukuta mununuzi amezoea batri ingine.

Basi kama nchi nzima, na mali yote iliyo chini ya udongo wake, inapashwa kujiuliza ile swali, baba mwenye dekonte atajiuliza nini? Turudi ku balabala, tuhesabu.

Tuseme unanunua mufuko wa bunga kwa franka 40.000, usafiri ndani, na unauza 44.000. Hizi ni namba za kufanyia hesabu tu. Faida ni 4.000 kwa mufuko. Ukiuza mifuko kumi ku juma, uko na 40.000. Jirani anafungua na kuuza 43.000. Unashuka 42.000. Yeye anashuka 41.000, na wewe unamufuata. Sasa kila mufuko unakuachia 1.000. Kwa kupata ile ile faida ya kwanza unapashwa kuuza mifuko makumi ine ku juma, mu balabala ambamo midomo ya kula haikuongezeka hata moja. Ni hapa watu wanaanza kula dekonte bila kujua. Butiki iko wazi, watu wanaingia, kibao kinangaa, na kila siku mutaji unapunguka. Bei ya chini si ukuta, ila kwa yule mwenye kununua kwa bei ya chini kweli.

Kuta zenye kudumu ziko. Hazihitaji feza mingi, zinahitaji wakati, na njo sababu jirani hawezi kuzijenga kwa mwezi mmoja.

Ukuta wa kwanza uko mu mikono ya baba mwenyewe. Mutu aliyefanya kazi miaka kumi na mbili ku pompe za maji ya karieri anajua kusikia rulema inayotaka kuvunjika. Mwengine anajua kuunga vyuma vizito, kufunga tena mota ya umeme iliyoungua, kutengeneza kompresere. Mu muji ambamo umeme wa SNEL unakatika kila mara, grupe zinaungua, pompe za forage zinasimama, na wenye nazo wanatafuta fundi kwa simu toka asubui mpaka magaribi. Na ule fundi tunamukuta ameketi nyuma ya dirisha, anauza sukari! Sukari kila mutu anajua kuiuza. Mota hapana. Tunakumbuka 2003 na 2004, wakati wafanyakazi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa ile mupango wa kuondoka kwa mapenzi, kisha miezi mingi bila mushahara. Wengi walinunua motokari ya taksi, wengi walifungua butiki, na kwa wengi feza iliisha mbio. Uliza wazee wa Likasi na Kipushi, watakuambia wenyewe.

Ukuta wa pili ni kipimo. Kila mama wa soko anajua meka iliyopigwa matako mpaka ikaingia ndani, na kila mununuzi anaijua pia. Mwenye kuuza na meka ya kweli, mwaka wa kwanza atapata faida kidogo kuliko jirani. Mwaka wa pili watu watatuma mutoto peke yake kwake, bila kuogopa kama atadanganywa. Ku yule mutoto mwenye kutumwa peke yake njo unajua kama ukuta umesimama. Jirani anaweza kununua meka mupya leo, lakini hawezi kununua ile miaka miwili.

Ukuta wa tatu ni kule mali inatoka. Mu 2024, wakati ukame ulipiga Zambia na bunga ya kule ikakosekana, wenye butiki wote walikuwa na shida moja kwa sababu wote walinunua mu njia moja, ile ya Kasumbalesa. Mwenye kuwa na mapatano na walimaji wa upande wa Kasenga, anawapa mbegu ku mwanzo wa mvua na kuchukua mahindi ku mavuno, yeye iko na kitu. Wamama kumi wa likelemba moja wanaweza pia kuunganisha feza, na kununua kamio nzima pahali pa kununua kila mumoja mifuko mitano. Hapo bei ya chini inakuwa ya kweli, haina ya kujikata nyama. Lakini likelemba ya biashara inaomba mambo mawili: kaye yenye kuandikwa mbele ya wote, na mutu mwingine wa kushika feza, asiwe yule yule mwenye kuandika.

Ukuta wa ine ni saa na mazoea. Fikiri juu ya kabine za kutuma feza. M-Pesa ilifika Kongo mu 2012, na nguvu yake ni kwamba yule unayemutumia anayo tayari. Kila mutu mupya anaongeza faida kwa wengine. Ni ukuta mukubwa sana. Lakini ni wa kampuni ya simu, haina wa mwenye kabine. Kampuni inatangaza, parasoli ni ya rangi moja ku kila pembe, na jirani akiomba parasoli atapewa. Mwenye kabine akitaka watu wake, atafute cha kwake: kutokukosa feza siku ya mushahara, kufungua saa kumi na moja asubui wakati posti ya usiku inarudi kutoka karieri, kujua majina, kumusaidia muzee asiyejua kusoma bila kumucheka na bila kumwibia. Ku ile parasoli moja, mumoja atakuwa na mulolongo na mwengine atalala usingizi.

Ukuta wa tano ni karatasi. Tangu Septemba 2012 Kongo iko ndani ya sheria za biashara za OHADA, na zile sheria zinamujua hata mufanyabiashara mudogo. Kujiandikisha kunamupa mutu nguvu ya kufungua konti ya kampuni na ya kuandika fakture. Sheria ya 1982 juu ya mali ya akili inakubali kuandikisha jina na alama ya mali yako ku Wizara ya Industri, kusudi mwengine asiweke jina lako ku mufuko wake. Tusidanganyane: karatasi inalinda jina, haiwezi kulinda bunga mbaya. Lakini bila karatasi, hata kazi nzuri inabakia ku dirisha, haiwezi kuvuka mpaka ku mulango wa kampuni kubwa.

Na kule ku mulango wa kampuni kubwa kuna ukuta ambao serkali ilijenga kwa ajili yetu. Sheria namba 17/001 ya 8 Februari 2017 inasema kazi ndogo ambazo kampuni zinatoa inje, kama usafiri, chakula cha wafanyakazi, kutengeneza vyombo, kulinda, zipewe kampuni zenye mutaji wa Wakongomani kwa sehemu kubwa. Kuna ofisi ya kuchunga, ARSP. Ni neno kubwa. Lakini tunajua namna wengine wanavyolitumia: Mukongomani anaazima jina lake, anapata kitu kidogo ku mwisho wa mwezi, na kazi yote, feza yote na maarifa yote yanabakia kwa yule mwenye kumwazima. Mwenye kuazima jina hajajenga kitu. Siku ile mwenye feza atapata jina lingine la bei ya chini, atamwacha, na yeye hatakuwa amejifunza hata kutengeneza fakture. Ule muvulana wa Musonoi mwenye kuanza na mashini moja ya kuunga vyuma, akatafuta kazi moja ndogo, akaimaliza siku aliyoahidi, anajenga polepole, lakini anajenga kwake.

Wengine watatujibu: «Munasema vizuri, lakini mutu mwenye njaa hana miaka miwili ya kungoja.» Ni kweli, na ni jibu la heshima. Kwa hiyo hatusemi watu wafunge butiki zao kesho. Butiki inaweza kulisha nyumba wakati ukuta unapandishwa: mama anauza mbele, baba anatengeneza mota nyuma ya lupangu, na ile chumba moja inalipa kodi moja. Tunachokataa ni kutia dekonte yote mu kitu ambacho balabala yote inafanya, kisha kumaliza franka ya mwisho ku muziki wa kufungua. Anza na sehemu moja juu ya ine. Ile ingine ibakie mpaka ujue nani anarudi, na kwa nini anarudi.

Wengine watasema pia kama matangazo ni lazima. Nasi tunakubali. Fundi mwenye mikono ya zahabu, akijificha nyuma ya lupangu bila namba ya simu ku mulango, atakufa na njaa na mikono yake. Ila kazi njo ianze, na tangazo liifuate. Liseme kile kitu kimoja ambacho wengine hawana, kwa maneno mafupi: «Mota iliyoungua, siku tatu, isipotembea hulipe.» Mwenye kuandika vile amejifunga mbele ya watu. Jirani asiyejua kazi hataweza kuiga hata akitaka, kwa sababu juma la kwanza tu atarudisha feza ya kila mutu.

Neno letu haliende kwa wafanyakazi peke yao. Kampuni zinazopunguza watu zinajua miezi mbele kama zitapunguza. Mutu anapewa dekonte Ijumaa na Juma Tatu iko peke yake na bahasha mu mukono, hajawahi kushika feza kama ile. Zingeweza kumupa miezi mitatu ya kujifunza hesabu ya biashara, mukanda wa kushuhudia kazi anayoijua, na jina lake ku liste ya mafundi ambao kampuni yenyewe itawaita. Ule mukanda unagarimu karatasi moja na muhuri, na kwa fundi ni mwanzo wa ukuta. Wakubwa wa muji nao wachunge vipimo mu masoko. Meka ya wongo inapoachwa bila azabu, inamuvunja yule mwenye meka ya kweli, na sokoni kunabakia wezi tu. Tena zile taksi ndogo ndogo zinazoombwa mara tatu ku dirisha moja, na watu watatu wenye risiti tatu, zihesabiwe na kuwekwa pamoja. Mutu hawezi kujenga na kila siku wanakuja kuchukua tofali.

Na wewe baba, na wewe mama, musiache hii hesabu kwa mumoja wenu. Mara mingi dekonte inatumiwa na baba peke yake, na mama anakuja kujua siku ya dirisha kufungwa. Juma Mungu hii, kisha kanisa ao kisha chakula, muketi pamoja na karatasi. Muandike kila kazi ambayo kila mumoja wenu anaijua, hata ile munayoona ndogo. Ku pembeni ya kila moja, muandike ni watu wangapi mu kartie wanaweza kuifanya kama ninyi. Pale mutakapoona watu wawili ao watatu tu, muanze pale. Mupakaji wa vibao hakimbii, atawangoja.